Sauti ya Pili ya Supachaja

Twaha alizikwa kabla basi letu halijavuka Nzega. Mwanawe mkubwa, Idi, alinipigia simu njiani, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia machozi yote, "Shangazi, tumeshamhifadhi baba. Mashehe walisema tusingoje." Nilimwambia wamefanya vyema. Mimi si shangazi yake wa damu. Sikuwahi kuwa na udugu na Twaha, wala hatukupendana kwa namna ambayo watu wa Tabora walidhani. Nilikaa tu kushoto kwake ndani ya gari jeupe, mwaka mmoja wa usichana wangu, nikimsomea kona na makorongo na madaraja, na katika yote yaliyofuata, ndoa, watoto, duka la spea Mwanza, sijapata tena kumjua mtu kwa ukaribu ule. Nilipofika Ng'ambo wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani. Mjane wake alinipokea mlangoni, akanishika viganja vyote viwili, akaninong'oneza, "Dada Kabula, mwishoni mikono ilikuwa imeanza kumuuma tena." Nilijua uchungu gani anausema. Walinipa godoro katika chumba cha wanawake, na asubuhi, mashine ya kusaga ya jirani ilipowashwa na kuanza kupanda sauti, nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, khanga mkononi, nikisikiliza kama inalia kwa sauti moja au mbili.

Hivyo ndivyo nilivyo hata Mwanza. Vijana wa siku hizi wameyarudia magari ya namna ile. Wananunua gari dogo la Kijapani, wanalishusha, wanabadili silensa, na mwenye uwezo anafunga supachaja. Wananijia dukani kwa sababu wamesikia mama huyu anazifahamu. Nawaeleza. Turbo inasukumwa na moshi, supachaja inazungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Ni pampu ya hewa, ndani yake mna vyuma viwili vilivyosokotwa kama kamba, vinazunguka vikipishana bila kugusana, vinashindilia hewa ndani ya injini ili ichome mafuta zaidi. Nafasi kati ya chuma na chuma ni nyembamba kuliko ukucha wa mtoto. Uhai wake wote umo humo. Mbele ina oili yake kidogo, imwagwe na kubadilishwa kabla haijawa nyeusi. Ina beringi, na beringi ikilegea vyuma vinayumba. Ina sili, na sili ikichoka utaona moshi wa bluu. Ukifunga puli ndogo, lile gurudumu la mkanda, ili izunguke upesi zaidi, utapata nguvu, lakini utapata na joto, na chuma kikipata joto kinavimba, ile nafasi inapungua. Na vumbi, nawaambia, vumbi ndilo adui. Kijana hutikisa kichwa, anasema sawa mama, kisha anawasha gari lake aniringishie. Hapo huwa naingia stoo. Nangoja mpaka aondoke.

Mwaka ule simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika Tabora, na barabara za kutoka mjini zote zilikuwa za vumbi. Nilikuwa karani wa duka la spea Ng'ambo na mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya Moravian. Jumapili mimi ndiye niliyesoma matangazo, kwa kuwa kipaza sauti cha kanisa kilikuwa kibovu na sauti yangu ilifika mpaka mlangoni. Twaha hakuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa akipita nje siku moja, akanisikia nikitangaza mikutano ya akina mama, na Jumatatu akaja dukani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na tabia ya kucheka kabla hajasema jambo. "Dada, wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele kanisani jana?" Nilimwambia mimi sikupiga kelele, nilitangaza. "Basi njoo unitangazie barabara," alisema. "Msoma ramani wangu amehamia Dar, na hata alipokuwepo sikumsikia. Lile gari linalia." Madereva wa mji, wafanyabiashara wa tumbaku na wenye malori, walikuwa na klabu yao ndogo, na walishindana kwenye njia za porini baada ya mavuno. Mimi sikuwahi kuketi kiti cha mbele cha gari lolote. Nilikubali siku ileile, na mpaka leo sijui kwa nini, ila nakumbuka kwamba alikuwa ameniuliza kana kwamba jibu langu lina uzito.

Gari lilitengenezwa na fundi Damiano, katika ua wa nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi ambao nusu ya nakshi zake zilikwisha kuliwa na mchwa. Nyuma ya ua ule kulikuwa na chumba kimoja kirefu, chenye kuta nene za udongo, ambacho watu walisema kiliwahi kuhifadhi pembe za ndovu katika siku za misafara. Hicho ndicho alichokitumia kufungulia supachaja, wala hakufungulia kingine humo. Kwanza alifagia. Kisha alinyunyizia maji sakafuni, akalowesha khanga ya mkewe na kuitundika mlangoni ili vumbi linaswe huko, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari. Alikuwa mtu mzima tayari, mkimya, Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi, mzaliwa wa Kwihara. Aliweka sehemu juu ya shuka nyeupe moja baada ya nyingine, akazungusha puli kwa kidole, akafumba macho. "Usiiangalie," aliniambia mara ya kwanza aliponiruhusu kuingia. "Izungushe uisikilize kwa ngozi. Ikikwaruza, hata kidogo, mwili utajua." Mle ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo uliolowa, na nje tulisikia Ng'ambo yote, wagonga masufuria, redio, mtu anayegombana na mbuzi.

Mchana Mama Felista, mkewe, alileta chakula. Alikuja na sufuria kichwani na bakuli mkononi, ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, yaliyoungwa kwa karanga, na masika yalipoingia, uyoga wa porini mwekundu unaonukia kama nyama. Tulikula kando ya ukuta wa ua, Twaha, Damiano na mimi, mikono yetu mitatu katika bakuli moja la mboga. Mama Felista hakula nasi. Alikaa pembeni kwenye kigoda akimtazama mumewe anavyotafuna. Hawakujaliwa mtoto aliyeishi. Felista alikuwa mtoto wao wa kwanza na wa mwisho, alifariki kabla hajatembea, nao waliendelea kuitwa kwa jina lake. Siku moja nikiwa ndani ya chumba nilimsikia Mama Felista nje ya ile khanga iliyolowa, akisema kwa Kinyamwezi kisha kwa Kiswahili, kama afanyavyo mtu anayetaka neno lake lisikike vizuri, "Hicho chuma unakifunika na shuka yangu ya harusi, Damiano. Mimi unanifunika na nini?" Damiano alicheka kidogo. "Wewe huna kutu," alimjibu. Sikusikia kicheko cha mwanamke.

Mjini nako maneno yalikuwepo. Mwalimu wa kwaya aliniita kando akaniuliza kama ni kweli naingia porini na mwanamume wa watu ndani ya gari la milango miwili. Nilimwambia ni kweli, na kwamba katika gari lile hakuna mtu anayeweza hata kukohoa, sembuse hayo anayoyawaza. Twaha alipoendesha hakucheka tena. Aliinama kidogo mbele, midomo imebana, na mimi nilisoma, "Kulia kali, korongo, nyoosha, mti kushoto, polepole," na sauti yangu ikapita juu ya mngurumo hadi kwake. Na juu ya mngurumo ule ilikaa supachaja. Ililia. Sijui nisemeje. Si mlio wa injini. Ni wimbo mwembamba unaopanda mguu unapokandamiza mafuta, unashuka mguu unapoinuka, safi kabisa, kama soprano anayetafuta noti ya juu na kuipata. Katika miezi ya kwanza nilikuwa narudi nyumbani nikiimba nayo. Mashindano mawili ya mwanzo tulimaliza mbele ya wote, na watoto wa Ng'ambo wakawa wananiita Mama Kona.

Ilikuwa baada ya Damiano kufunga puli ndogo ndipo nilipoisikia sauti ya pili. Twaha ndiye aliyeitaka puli ile. Kulikuwa na gari jipya limekuja kutoka Mwanza, lenye nguvu kupita letu, na alisema bila hewa zaidi tutakula vumbi lake. Damiano alikataa kwa wiki kadhaa, kisha akaichonga mwenyewe. Siku ya kujaribu tulitoka njia ya Kwihara, na Twaha alipokandamiza mafuta gari liliruka kama limepigwa kiboko. Alipiga kelele za furaha. Mimi niliacha kusoma. Chini ya ile noti safi palikuwa na nyingine, imeshuka kidogo, haikai nayo vizuri, kama mwimbaji wa sauti ya pili aliyeingia wimbo akiwa amechelewa. Nilimwambia Twaha asimame. Alisimama, akafungua boneti, hakuona kitu. Tuliporudi Damiano hakunicheka. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye pua ya supachaja na mpini sikioni, akamwashiria Twaha aongeze mafuta. Alisikiliza sana. "Beringi ya mbele," alisema. "Huyu binti ana sikio." Aliifungua, na kweli, ilikuwa imeanza kuchezacheza. Beringi mpya ilikuja na treni kutoka Dar es Salaam ikiwa imefungwa katika karatasi ya nta, naye akaiingiza siku ambayo alikuwa amefunga kula, kana kwamba anakwenda kupokea komunyo.

Gari liliporudi barabarani sauti ya pili ilikuwa bado ipo. Ilikuwa ndogo, imejificha, na ilitokea tu kwenye mchanga, injini ikiwa ya moto. Nilisema. Twaha alisema hasikii. Damiano aliweka tena bisibisi sikioni, kwa subira, asubuhi na tena mchana, akasema beringi inazunguka kama maji. "Mwanangu," aliniambia, "sikio nalo lina makovu. Likishasikia ubaya mara moja linausikia hata usipokuwepo." Huenda ilikuwa kweli. Lakini kadiri siku ya mashindano makubwa ilivyokaribia, nilizidi kukosea kusoma, maana nusu ya akili yangu ilikuwa inasikiliza, na mara moja Twaha alikaribia kutuingiza korongoni kwa sababu nilisema kushoto wakati ni kulia. Aliegesha gari chini ya jua. Hakunifokea. "Kabula," alisema, "nikikukosa wewe njiani nimekufa. Na wewe haupo. Unasikiliza majini." Nilimwambia hata kama ni majini, yamo ndani ya supachaja. Jioni ile tulikaa uani sote watatu, chakula kikipoa, ndipo Damiano aliponawa mikono akasema kwa upole, "Kiti chake nitakaa mimi. Njia ya Kwihara nimezaliwa nayo, sihitaji karatasi. Na hiyo sauti, kama ipo, nitaisikia." Mama Felista alikuwa anakusanya vyombo. Alisimama, bakuli mkononi. Kisha akaendelea kukusanya.

Mashindano yalianzia Kwihara na kuishia Kwihara. Gari lilitakiwa kufuata njia ya zamani ya misafara, ile ambayo wapagazi waliikanyaga wakienda ziwani na kurudi, mpaka ikazama kama mfereji kati ya mashamba ya tumbaku na miti ya miombo, kisha kuzunguka na kurudi. Wenyeji wa pale hawapendi watu wapige kelele kwenye njia ile. Husema kuna waliochoka wakaachwa, na waliochoka hawataki kuamshwa. Siku hiyo kulikuwa na muziki, wauza mishikaki, na akina mama waliotandaza michembe ya viazi vitamu na karanga za kuchemsha kwenye mikeka. Mimi na Mama Felista tulikaa kando ya mstari wa mwisho. Niliwaona kwa mbali wakijiandaa, Damiano akizunguka gari, akifungua boneti, akiinama, akiifunga. Alivaa kofia yangu ya chuma na ilimbana. Alipotupita alitupungia mkono kama mtoto anayepanda treni kwa mara ya kwanza, na Mama Felista akacheka, mara ya kwanza mimi kumsikia akicheka, akasema, "Mtazame mzee wangu."

Gari la Mwanza lilirudi la kwanza. Watu wakashangilia hata hivyo. Baadaye nikalisikia letu. Nililisikia kabla ya wote, likiwa bado mbali nyuma ya miti, na nilisimama. Lilikuwa linalia wazi kuliko siku zote, kama mtu amelifungua kifua. Noti ya juu ilikuwepo. Na ya pili ilikuwepo, wala haikuwa tena ndogo. Ilikuwa imepanda, inasukumana na mwenzake, inamziba. "Hiyo, mama," nilimwambia Mama Felista nikimshika bega. "Hiyo ndiyo." Yeye alisikia gari tu. Zote mbili zikakatika pamoja. Ukaja mlio mmoja mfupi wa kupasuka, halafu kimya, muziki tu ukiendelea kupiga nyuma yetu, na juu ya miti ukainuka moshi mweusi.

Tulikimbia. Mambo yaliyotokea niliyajua kwa vipande, kutoka kwa Twaha na kwa wakulima waliokuwa shambani. Supachaja ilikwama ghafla. Mkanda ulikatika, ukachapa kama mjeledi, ukapasua mpira wa petroli, na petroli ikamwagikia bomba la moshi lililokuwa moto. Damiano alifungua mlango wake akatoka akiwa mzima. Twaha mkanda wa kiti ulimkatalia. Damiano alizunguka gari, akaingiza mwili wake juu ya Twaha ndani ya moto, akakifungua kifungo cha mkanda kwa vidole vya fundi vilivyozoea kazi ya gizani, akamvuta. Bwelasuti yake ilikuwa imelowa oili ya miaka. Tulipofika wakulima walikuwa wamewafukia wote wawili kwa mchanga kuzima moto, na Mama Felista alipiga magoti akaanza kumfukua mumewe kwa mikono, taratibu, akimpangusa usoni kwa ncha ya khanga yake, akimwita kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwa nimewahi kulisikia.

Damiano aliishi wiki kadhaa hospitalini. Nilikwenda kila baada ya kazi na uji, ambao mara nyingi hakuuweza. Alikuwa akiongea, lakini kwa shida, na Mama Felista alinyanyua mkono kutuashiria tutoke, kisha akainamisha sikio karibu na kinywa chake. Twaha alikuwa wodi hiyohiyo, mikono yake imefungwa kama mabunda ya pamba, na aligeuzia uso ukutani. Siku moja tu Damiano aliniita mimi. Alinitazama, akasema, "Nimeisikia." Nilingoja aendelee. Alifumba macho, na nadhani alikuwa anatabasamu. Mvua za kwanza zilinyesha siku tuliyomzika, na kaburi liliingia maji, ikabidi vijana wayachote kwa makopo kabla ya jeneza kushuka.

Mjini wakaanza kusema kwamba fundi alijiua kwa kazi yake mwenyewe. Puli alichonga yeye, beringi aliweka yeye. Maneno yalimfikia Mama Felista kisimani. Baada ya arobaini alituita, Twaha na mimi, katika ua wa ule mlango wa nakshi. Alikuwa amekwisha kufagia kile chumba na kunyunyizia maji. Khanga iliyolowa ilikuwa mlangoni, na juu ya shuka nyeupe ilikaa supachaja, nyeusi, imekwanguliwa masizi. "Fungueni," alisema. "Nataka kuona mume wangu alikosea wapi." Mikono ya Twaha haikuweza kushika spana, kwa hiyo nilifungua mimi, naye akinielekeza. Pua ilitoka. Beringi ya mbele, ile iliyokuja na treni, niliizungusha kwa kidole nikafumba macho. Ilizunguka kama maji. Niliipitisha kwa Mama Felista, naye akaizungusha, na machozi yakamtiririka bila uso wake kubadilika. Kisha nikafungua tumbo. Vile vyuma viwili vilivyosokotwa vilikuwa vimeng'ang'aniana. Nilipovitenganisha, mchanga ulimwagika kwenye shuka. Kulikuwa na mikwaruzo ya aina mbili, ya zamani, myepesi, iliyokwisha kung'aa, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiisikia, na mipya, mirefu, iliyochimba chuma kama jembe. Mchanga kiasi kile haupiti kwenye chujio la hewa. Niliinua macho, na Twaha alikuwa ameketi sakafuni kwenye unyevu.

"Nililitoa mimi," alisema. "Asubuhi ile. Nilitaka ivute hewa vizuri. Mzee hakujua."

Nje mtu alikuwa anagonga sufuria, anagonga, anaacha, anagonga. Nilimtazama Mama Felista nikidhani atapiga mayowe, au atampiga Twaha, na sikuwa na nia ya kumzuia. Alikunja pembe za ile shuka, moja baada ya nyingine, juu ya vyuma na mchanga. "Watu waambiwe ni jiwe," alisema. "Jiwe la barabarani limekata mkanda. Fundi hakukosea na dereva hakukosea. Mmenisikia?" Tulisema tumesikia. Ndivyo tulivyowaambia watu, na kwa kuwa kila mtu anaijua ile njia na mawe yake, waliamini. Mwaka ule haukuisha kabla sijahamia Mwanza. Niliacha kwaya, sikuweza tena kusimama kati ya sauti mbili. Twaha hakuendesha tena gari la mashindano. Badala yake alianza kwenda kwa Mama Felista kila Ijumaa baada ya sala, akamhamishia nyumba nzuri zaidi Ipuli, akamchimbia kisima, akamwezekea bati, akapeleka wanawe wakamwite bibi. Kila aliponipigia simu alimtaja. Hakuwahi kusema neno chujio. Alisema tu, "Nimetoka kwa mama," kwa sauti ya mtu aliyetoka kuripoti.

Siku ya pili ya msiba wa Twaha nilikwenda Ipuli kumsalimu Mama Felista. Nilimkuta barazani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yake yamefunikwa na ukungu, anapembua karanga kwenye ungo kwa kupapasa. "Shikamoo mama." "Marahaba. Ni Kabula? Hiyo sauti haijazeeka." Nilikaa chini kwenye mkeka nikamsaidia kupembua. Tulimzungumza Twaha kama wanavyozungumzwa waliozikwa jana, vitu vidogo, namna alivyopenda chai yenye tangawizi. Nikasema, kwa sababu nilidhani litamfariji, kwamba lile jambo la chujio alilibeba vizuri, amelilipa hata kupita kiasi.

Vidole vyake vilisimama kwenye ungo.

"Damiano aliliona," alisema.

"Aliona nini, mama?"

"Kwamba halipo. Alifungua boneti pale Kwihara, akaona mahali pake ni patupu. Aliniambia hospitalini. Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akasema, bila chujio kile chuma kinalia wazi zaidi. Alitaka kusikia ulichokuwa unakisikia wewe."

Kuku walikuwa wanadonoa maganda karibu na miguu yetu. Nilimwona tena akiinama juu ya injini, na akiifunga ile boneti, na akitupungia mkono. Nilimuuliza kama Twaha alijua.

"Nani angemwambia?"

"Wewe, mama. Mtu amekufa akiamini amemuua mumeo, na kumbe mumeo aliona na akaingia kwa hiari yake. Miaka yote hii. Kwa nini hukumwambia?"

Aliendelea kupembua. Alitoa kokoto moja, akaipima kati ya vidole, akaitupa.

"Angeacha kuja," alisema.

Alisema hivyo bila aibu na bila kujitetea, kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa. Nilimtazama kwa hasira ambayo sikuwa nayo hata siku ya moto, na hasira ile haikupata pa kukaa, kwa sababu nyuma yake niliiona nyumba, kiti kimoja, kikombe kimoja, na Ijumaa inayokuja. Alinyoosha mkono akanipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika.

"Na wewe," aliniuliza, "unaondoka lini?"

Nilikuwa nimekata tiketi ya kesho yake alfajiri. Basi liliondoka bila mimi.